Lebo inasema Tanzania, mafuta yalitoka wapi?

Mama Salma wa Tabata, Dar es Salaam, ameuliza hivi: "Kwenye kundi letu la kikoba umepita ujumbe wa WhatsApp kwamba namba tatu za mwanzo chini ya ile mistari ya kuskani zinaonyesha chakula kimetoka nchi gani: 620 Tanzania, 616 Kenya, 690 Uchina. Nikaenda kufungua kabati. Mafuta ya kupikia yana 620 na yameandikwa 'Made in Tanzania', lakini kaka yangu anayefanya kazi bandarini anacheka, anasema mafuta hayo ameyaona yakishushwa melini. Nyanya ya kopo ina jina la Kiitaliano, halafu kwa maandishi ya sisimizi imeandikwa 'Product of China'. Mchele nimeuziwa kama wa Kyela, kiroba hakina nchi wala namba. Mimi nataka kununua cha nyumbani na kujua nawalisha nini wanangu. Nimwamini nani, lebo au kaka?"

Mama Salma, kaka yako yuko sahihi kuhusu mafuta, na lebo nayo haijasema uongo. Najua jibu hilo linaudhi, kwa hiyo nivumilie nieleze.

Tuanze na ujumbe wa WhatsApp, maana huo ni mwepesi kuutupa. Namba za chini ya mistari hutolewa na shirika la kimataifa liitwalo GS1, lenye ofisi katika nchi zaidi ya mia. Tarakimu tatu za mwanzo zinaonyesha ni ofisi ya nchi gani iliyompa mwenye chapa namba yake, basi. Hazisemi shamba liko wapi, wala kiwanda kiko wapi. Kampuni iliyojisajili Dar es Salaam ikiagiza biskuti kutoka Uturuki na kuziuza kwa chapa yake, inaweza kabisa kuzipa namba ya 620. Na kinyume chake kimetokea sana kwetu: kabla GS1 Tanzania haijaanza kazi mwaka 2011, wazalishaji wetu waliotaka kuingia supamaketi walilazimika kutafuta namba nje, Kenya au Afrika Kusini. Asali ya Tabora ilikuwa inasomeka 616 au 600 na haikuwahi kuvuka Namanga. Na ukitaka kuumaliza ule ujumbe kabisa, chukua nyama uliyopimiwa kwenye bucha ya supamaketi, utazame stika yake. Mara nyingi namba inaanza na 2. Namba za 20 hadi 29 hazina nchi, zimeachiwa maduka yenyewe yazitumie kwa vitu vinavyopimwa pale pale. Kwa mujibu wa kundi lenu la kikoba, ng'ombe wa Kongwa hana kwao.

Kinachotaja nchi ni maneno, na maneno hayo yana kanuni. Kanuni mama inatoka kwa Tume ya Codex Alimentarius, iliyoundwa mwaka 1963 na mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa, la chakula na la afya. Kiwango chake cha lebo za vyakula vilivyofungashwa ni cha mwaka 1985, kimefanyiwa marekebisho mara kadhaa, na kiwango chetu cha Afrika Mashariki, EAS 38, kimefuata nyayo zake. Kuhusu nchi, Codex inasema mambo mawili tu. La kwanza: nchi ya asili itajwe ikiwa kutoitaja kungempotosha mlaji. La pili: chakula kikisindikwa katika nchi nyingine kwa namna inayobadilisha asili yake, nchi hiyo iliyosindika ndiyo itakayohesabiwa kuwa nchi ya asili kwenye lebo.

Isome tena hiyo ya pili, kwa sababu mafuta yako yamepita hapo. Mawese ghafi yanafika kwa meli kutoka Malaysia na Indonesia, nchi mbili zinazotoa sehemu kubwa mno ya mawese yote duniani. Yanaingizwa kwenye matangi, kisha kiwandani yanaondolewa gundi, yanapaushwa rangi, yanapitishwa kwenye mvuke mkali kuondoa harufu, na sehemu inayoganda inatengwa na ile inayobaki majimaji. Kilichoingia kilikuwa chekundu, kizito, chenye harufu. Kinachotoka ni cha dhahabu, hakina harufu, kinaweza kukaa dukani miezi. Mwenye kiwanda anaandika Tanzania, na kwa kanuni hiyo ana hoja: ajira, umeme na mtaji wa usindikaji uko hapa. Kaka yako anaona meli, mwenye kiwanda anaona mtambo, na wote wawili wanasema kweli. Ngano ni hivyo hivyo. Sehemu kubwa ya ngano tunayokula nchini inatoka nje, lakini unga umesagwa hapa, na mfuko unasema Tanzania.

Sasa wewe mnunuzi utajuaje? Geuza chupa, soma viambato, acha kusoma mbele. Ukiona "palm olein", hayo ni mawese yaliyosafishwa na kutengwa. Mawese yapo Kigoma pia, na ni matamu, lakini yale huuzwa mekundu, sokoni, na mpishi wa Kigoma hatakubali uyapaushe. Mawese yaliyopaushwa ya chupa, dau langu ni kwamba tunda lake lilianguka Asia. Ukitaka mafuta ya mkulima wa Singida au Dodoma, tafuta alizeti, na hata hapo soma anwani ya aliyekamua, kwa sababu mafuta ghafi ya alizeti nayo ni bidhaa ya melini. Ukraine na Urusi ndizo wauzaji wakubwa duniani. Kiwanda kidogo cha kukamua kilichopo katikati ya wakulima wa alizeti huwa kinajivunia kijiji chake, kinaandika mpaka sanduku la posta.

Maneno yenyewe yana ngazi, na inafaa kuzifahamu. "Product of" au "Produce of" ni dai zito zaidi, linakusudia kwamba chakula chenyewe ni cha nchi hiyo. Maharage machanga ya Kenya ukiyakuta London yana maneno hayo, na ni ya Kenya kweli. "Made in" linasema mahali pa kutengeneza na halizungumzii shamba. "Packed in" au "Packed by" linasema tu mahali kilipotiwa kwenye pakiti, na hapo ndipo pa kusimama na kuuliza: kilitoka wapi kabla ya kufungwa? "Imported by" na "Distributed by" ni jina la mtu wa kumshika akikuuzia kibaya, nchi hayakupi. Nimewahi kupitia lebo za viungo vya pilau ambazo mbele zina mnazi, dhow na machweo ya jua, nyuma zina "Packed by" na mtaa wa Kariakoo, na pilipili manga iliyomo haijatajwa imetoka wapi popote pale. Hakuna neno la uongo kwenye pakiti hiyo. Mnazi hausemi kitu, na mnunuzi anajijazia mwenyewe.

Hilo linatuleta kwenye kopo lako la nyanya, ambalo nalipenda kuliko vyote kabatini kwako. Uchina, hasa jimbo la Xinjiang, ni miongoni mwa wasindikaji wakubwa wa nyanya duniani. Nyanya zinakamuliwa, maji yanachemshwa yaondoke mpaka ukolezi ufike asilimia 28 hadi 30, au 36 hadi 38 kwa ile nzito zaidi, kisha uji huo mwekundu unafungwa kwenye mapipa ya lita zaidi ya mia mbili na kusafiri. Anayeupokea, awe wapi, anauongezea maji na chumvi, anautia kwenye kopo au kijaluba, na sasa anaweza kuanza ubishi: je, kuongeza maji kumebadilisha asili ya nyanya? Mimi nasema hapana. Wapo waliosema ndiyo na kuandika nchi yao. Kopo lako limeandika China, na kwa hilo nalipa heshima, herufi za sisimizi na yote. Kilichobaki kukupotosha ni jina. Umoja wa Ulaya umejaribu kuuziba mwanya huo: tangu tarehe 1 Aprili 2020, pakiti ikitangaza nchi fulani kwa maneno au bendera, na kiungo kikuu kimetoka kwingine, lazima iseme hivyo pembeni, kwa herufi zinazosomeka. Kanuni nzuri. Lakini jina la biashara lililosajiliwa halikuguswa na kanuni hiyo, kwa hiyo hata huko mtu anaweza kujiita kwa Kiitaliano na asiulizwe.

Usidhani Wazungu wamelimaliza jambo hili. Marekani ilitunga sheria ya kutaja nchi ya asili ya nyama, na baadaye ikadai lebo iseme hatua zote tatu: mnyama alizaliwa wapi, alilelewa wapi, alichinjwa wapi. Kwa mnunuzi, sijaona lebo iliyo wazi kuliko hiyo. Kanada na Mexico, ambao ndama wao huvuka mpaka kwenda kunenepeshwa Marekani, walishtaki kwenye Shirika la Biashara Duniani kwamba wachinjaji sasa wanawakwepa ng'ombe wao ili kuepuka gharama za kuwatenganisha. Wakashinda. Mwishoni mwa mwaka 2015 wakaruhusiwa kuitoza Marekani ushuru wa kulipiza wa takriban dola bilioni moja kwa mwaka, na ndani ya wiki chache Bunge la Marekani likaifuta sheria kwa ng'ombe na nguruwe. Kuku, samaki, mboga na matunda vikabaki. Kwa hiyo unaposimama mbele ya rafu na kujiuliza kwa nini lebo haisemi zaidi, mara nyingi kuna mtu aliyepigana ili isiseme.

Na sisi tunanufaika na ukungu huo huo tukiwa upande wa pili. Kahawa iitwayo Kilimanjaro ni jina kubwa Japani, na kwa kanuni za wafanyabiashara wa kahawa huko, mchanganyiko unaweza kubeba jina hilo ukiwa na asilimia 30 tu ya kahawa ya Tanzania. Chai ya mnada wa Mombasa, ya Kenya, Uganda, Rwanda na ya kwetu, inaishia kwenye pakiti za Uingereza ikiwa imechanganywa, na mnywaji anaijua chapa tu.

Sasa mchele. Hapa ndipo penye pesa, kwa hiyo ndipo penye ujanja. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mchele kutoka nje ni asilimia 75 au dola 345 kwa tani, kinachozidi kati ya hivyo viwili. Kenya, ambayo hailimi wa kuitosha, imekuwa ikipewa ruhusa ya kutoza asilimia 35 au dola 200. Mchele wa Pakistan ukiweza kuuita "wa Afrika Mashariki", umeokoa ushuru. Ukiweza kuuita wa Kyela, umeongeza na bei juu yake. Ndiyo maana katika muongo uliopita baadhi ya majirani waliwahi kuutoza mchele wetu ushuru kama wa nje ya jumuiya, wakidai umechanganywa na wa Asia. Mkulima wa Mbarali, huko Mbeya, aliyevuna kwa jasho lake ndiye aliyeumia.

Halafu kuna hili la Kyela. Kyela ni wilaya moja, pale chini kwenye ncha ya Ziwa Nyasa. Hesabu maduka ya Dar es Salaam yanayouza "mchele wa Kyela" kila siku ya mwaka, ujiulize wilaya hiyo ingelima wapi. Mwingi wa unaoitwa wa Mbeya hulimwa bonde la Usangu, na ni mchele mzuri wala hauna haja ya kuazima jina. Mwingine ni wa Kilombero, Kahama au Magugu. Kule Zanzibar mambo yako wazi zaidi: mapembe ni wa kutoka nje, kila mtu anajua, na wa Mbeya una bei yake.

Watu husema utautambua kwa harufu. Sehemu tu. Kemikali inayoupa mchele wetu ule unukiaji wa sufuria inapofunuliwa ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye basmati ya Pakistan na mchele wa jasmini wa Thailand. Harufu inakuambia aina ya mbegu na kwamba mchele si wa zamani sana, pasipoti haikuonyeshi. Macho yanasaidia kidogo zaidi. Mwaga kiganja kimoja kwenye sahani nyeupe. Mchele wa mashine za kawaida za vijijini una urefu usiolingana, chenga, punje moja moja iliyobaki na utando mwekundu, pengine mpunga mmoja mzima. Wa kutoka Asia umepangwa kiwandani, punje zinafanana, chenga ni asilimia iliyoagizwa. Lakini siku hizi viwanda vyetu vikubwa vina mashine za kuchagua rangi na kupanga daraja, kwa hiyo mchele msafi sana unaweza kuwa wa Usangu kabisa. Ukiona kwenye sahani moja punje za namna mbili, ndefu nyembamba za kung'aa na fupi nene za maziwa, zimegawana nusu kwa nusu, hapo mtu amechanganya.

Kiroba kisichoandikwa kitu hakina la kukujibu, na hilo ndilo kosa la kweli kabatini kwako. Mchele uliofungwa kwenye mfuko na kushonwa ni chakula kilichofungashwa: unapaswa kuwa na jina, uzito, aliyefungasha na anwani yake, namba ya toleo na tarehe. Ukipimiwa kwa kilo kutoka kwenye gunia lililo wazi, ni habari nyingine, lebo imebaki kwa muuzaji wa jumla. Omba uione salfeti yenyewe. Ndivyo ilivyo pia kwa mafuta ya kupima na kwa samaki wa barafu. Katoni ya samaki inaingia nchini imeandikwa vizuri nchi, tarehe na jina la samaki, ikifunguliwa sokoni, katoni inatupwa na samaki anaanza maisha mapya. Wakenya wanalijua sana hili kwa sato wa Uchina wanaouzwa meza moja na wa Ziwa Victoria.

Umesema pia unataka kujua unawalisha nini wanao. Hapo naomba tutenganishe mambo mawili ambayo watu wengi wanayafunga kamba moja. Nchi ya asili haikuambii kama chakula ni salama. Mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafa mashariki mwa Kenya, maeneo ya Makueni na Kitui, kwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliyokuwa kwenye mahindi. Mengi ya mahindi hayo yalikuwa ya mashamba yao wenyewe, yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Sisi tulipata msiba wa namna hiyo mwaka 2016, Dodoma na Manyara. Hakuna lebo ya nchi ambayo ingewaokoa. Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo hiyo, na baada ya siku chache ikayaruhusu tena kwa masharti, moja likiwa cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Ona walichoishia kudai: kipimo cha maabara. Jina la nchi peke yake halikuwa na maana tena.

Kwa usalama, basi, macho yako yaende kwenye alama ya TBS (shirika letu la viwango), tarehe, na namba ya toleo, na kwa mahindi na karanga, kwenye ukavu na ukungu. Shughuli za usalama wa chakula zilihamishiwa TBS mwaka 2019 kutoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, kwa hiyo usipelekwe ofisi mbili. Alama hiyo inahusu ubora na haidai kwamba chakula kimelimwa hapa.

Ukikuta lebo iliyodanganya waziwazi, mathalani mchele wa "Product of Tanzania" ambao ndani ya mfuko kuna kipande cha salfeti ya Karachi (yametokea), usiutupe. Piga picha mbele, nyuma na namba ya toleo, hifadhi risiti na mchele kidogo, upeleke TBS. Uongo kuhusu nchi bidhaa ilikotengenezwa unaingia pia kwenye Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, kwa hiyo hata wao ni milango ya kugonga. Kenya utakwenda KEBS, shirika la viwango la huko.

Kuhusu kununua cha nyumbani, kwa kabati ulilonieleza ningefanya hivi: nyanya nunua mbichi gengeni msimu zikishuka bei, uzichemshe mwenyewe, kopo liwe la dharura. Mafuta, alizeti yenye anwani ya mkamuaji. Mchele, mtafute muuzaji mmoja Tandika au Tandale anayekubali kukuonyesha gunia likiwa limeshonwa, na umwambie akuuzie "wa Mbarali". Akikuuliza kwa nini hutaki wa Kyela, utajua unazungumza na mtu anayeujua mchele. Na mfikishie kaka salamu, mwambie meli ikifika tena asome pipa la nyanya limeandikwa wapi.